Kofia ya Manyoya Mekundu

Papa Léon alikuwa amechoka na jua. Katika nyumba ndogo ya makumbusho pale Kisangani, kazi yake ilikuwa kulizuia lisile rangi za vitu vya zamani. Alipaka vioo vya madirisha buluu, akageuza taa zitazame ukuta, na mchana kutwa alishusha mapazia. Wageni walinung'unika kwamba hawaoni kitu, naye macho yalimuuma.

Siku moja mama mmoja wa Isangi, Agathe, alisimama mbele ya kofia ya manyoya ya kasuku.

"Papa, fungula dirisha. Hii ilikuwa ya baba yangu."

"Jua itaiharibu, mama."

"Baba alikuwa anaivaa akicheza ngoma na jua kali!"

Léon alisonya, lakini akapandisha pazia. Mwanga ulipoingia, wote wawili wakasogea karibu. Wekundu ulikuwa umekwisha zamani. Manyoya yalikuwa na rangi ya majivu, na gizani Léon hakuwahi kuliona hilo.

"Kwetu manyoya ikipauka, tunatia ingine," Agathe alisema polepole. "Hapa nani anatiaka?"

 Léon alingoja atoke, kisha akashusha pazia.