Pua ya Lemburis Haijarudi

Saa mbili asubuhi. Duka la vinywaji la Mzee Harbans, katikati ya jiji la Arusha, bado halijafunguliwa. Nyuma ya kaunta, Lemburis Lesikar anamimina wiski kidogo kwenye glasi, anadondosha matone mawili ya maji, anaizungusha, kisha anaingiza pua.

Anavuta pumzi. Anangoja. Anavuta tena.

"Hakuna," anasema. Anaonja, anatema kwenye ndoo. "Ukali upo, utamu upo kwa mbali. Moshi hakuna."

Na wiski yenyewe, jamani, ni moshi mtupu! Imetoka Uskoti, ambako shayiri yake ilikaushwa kwa kuchoma udongo mweusi wa bwawani. Yote ni ya pipa moja, haikuchanganywa na nyingine. Chupa zake zikiisha, ndiyo basi. Mwandishi wa makala haya alikaa hatua tatu kutoka kwenye glasi na bado ilimpiga puani.

Lemburis, mwenye umri wa miaka 47, aliingia dukani hapo miaka kumi na tisa iliyopita kubeba kreti. Siku moja alipita karibu na chupa iliyofunguliwa, akasimama ghafla. "Mzee, hii inanukia kama kibuyu cha mama yangu."

"Nilicheka sana," anakumbuka Harbans, Kalasinga aliyerithi duka kwa baba yake. "Halafu nikanusa vizuri. Bwana, wateja wangu walisoma vitabu vya wiski. Huyu alikuwa na pua."

Kwao, magharibi mwa Mlima Meru, kibuyu cha maziwa husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti uitwao oloirien. Maziwa hukaa siku nyingi, na moshi husikika mpaka tone la mwisho. Mama yake, Nkasiogi, alisifika kwa vibuyu vyake. Kwa pua aliyoipata jikoni kwa mama huyo, Lemburis akawa mwonjaji wa duka.

Nkasiogi alifariki mwaka jana. Mwezi mmoja baadaye Lemburis alishikwa na mafua makali, na mafua yalipokwisha yaliondoka na harufu zote.

"Sikumwambia mtu," anasema. "Niliona aibu. Mwonjaji asiye na pua ni nini? Chupa nilizijua kwa kichwa, nikawa nasema ninayoyakumbuka."

Lakini za mwizi ni arobaini. Siku ya kuonja, wateja wanapokuja kujaribu wiski dukani, ina miiko yake: hakuna manukato, hakuna kitunguu, hakuna sigara. Jumamosi moja, kesho yake ikiwa siku ya kuonja, Lemburis alilala kwao mlimani. Alfajiri akachukua kibuyu cha marehemu, akakifukiza. Kwao hiyo ni kazi ya wanawake. "Nilikuwa nautafuta ule moshi," anasema. "Nilisugua weee, sikuupata." Akanawa kwa haraka, akaja kazini.

Akamimina wiski laini isiyo na moshi hata chembe. Mteja wa siku nyingi, Jignesh wa Njiro, akakunja uso. "Lemburis, mbona hii ina moshi?" Glasi ya pili, moshi. Ya tatu, moshi.

"Mzee alinishika mkono, akaunusa. Akaniuliza polepole, 'Lemburis, wewe husikii?' Nikamwambia, 'Sisikii, Mzee.' Hayo mbele ya watu kumi na wawili. Nilitamani ardhi inimeze."

Sasa amerudi kwenye kreti, na mshahara wake umeshuka kutoka laki saba hadi laki tatu. Mkewe Tabitha, anayeuza mboga sokoni Kwa Mrombo, anasema juzi alikuta maharage yameungua kabisa na baba watoto kakaa pembeni anasoma Biblia. "Nilitaka kumgombeza," anasema. "Nikalia."

Daktari alimshauri anuse vitu vilevile kila asubuhi. Huenda pua ikarudi, huenda isirudi. Harbans, ambaye magoti yamemchosha, anauza duka Desemba. Meza ya kuonja ameahidi kumwachia Lemburis, na chupa ya mwisho ya pipa lile la Uskoti ameificha hajaifungua. "Pua ikirudi, meza na chupa ni zake, na wateja ni wake," anasema. "Isiporudi, nitampa nini?"

Lemburis anaosha glasi. Anachotamani kukisikia kwanza si wiski. Ni kibuyu, ambacho sasa kiko nyumbani kwake.

"Kila nikikifukiza nampa Tabitha anuse. Namuuliza, 'Kinanukia kama cha mama?' Ananijibu ndiyo." Anaifuta glasi, anaiweka. "Wiki iliyopita nilimpa nimekiosha kwa maji tu, sijakitia moto. Akasema ndiyo."

Hakumwambia mkewe kwamba kilikuwa hakijafukizwa. Kesho alfajiri atakoka moto tena, atasugua kibuyu, atanusa mwenyewe kwanza. Halafu atampa Tabitha, na atamuuliza vilevile.