Bugaluu ya Mdogo Wangu Festo

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo hadi leo naikumbuka vizuri kuliko juzi. Ilikuwa miaka ya sabini, kanisani Ubaruku, huku Usangu, wakati wa kutoa sadaka. Watu wameinamisha vichwa, mwinjilisti anaomba kwa sauti ya chini, nami nimefumba macho kama inavyotakiwa. Mara nikasikia cheng, cheng, cheng, inatoka nyuma inakwenda mbele. Nikafumbua jicho moja. Alikuwa mdogo wangu Festo anapeleka sadaka yake, na kilichokuwa kikilia ni suruali yake.

Nikueleze kwanza sisi ni nani. Sisi ni Wahehe wa Iringa. Mama alipofariki, baba alituchukua mimi na Festo akatuteremsha Usangu, maana alisikia huko mpunga unakubali. Mimi nilikuwa mkubwa, tena nilikuwa nimejifunza kushona kwa mama mchungaji kabla hatujahama. Festo ndiyo kwanza sauti yake ilikuwa imekuwa nzito. Baba alikuwa mkulima wa kawaida, lakini pale kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili ile yeye ndiye aliyeshika kapu la sadaka.

Sasa hiyo suruali. Wakati ule vijana walipenda bugaluu, suruali iliyobana mapajani ikapanuka huku chini hadi inafunika viatu. Mbeya mjini mafundi walizishona, ila Festo hakuwa na cha kumpa fundi, na nadhani hata angekuwa nacho asingekwenda. Alichukua suruali yake ya kaki ya shule, akafumua mishono ya pembeni kuanzia magotini, akapachika humo vipande vya kitenge chenye maua mekundu alivyookoteza kwangu. Kisha akakusanya vizibo vya soda, akavigonga kwa jiwe vikawa bapa, akavitoboa kwa msumari na kuvishonea kuzunguka upindo. Katambuga zake, vile viatu vya tairi, aliziongezea matabaka mpaka akawa mrefu kuliko baba. Nilimkuta uani anamalizia, nikamuuliza nani kamfundisha.

"Hakuna, dada. Naiona tu kichwani, halafu mikono inafuata."

Alisema hivyo bila kuinua macho, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa. Mimi niliyefundishwa sikuwahi kuona kitu kichwani. Nilishona nilichoonyeshwa.

Basi kanisani watoto wakaanza kucheka, wakubwa wakafuata. Festo hakuona haya. Aliweka sadaka yake kapuni, akageuka, akarudi zake nyuma taratibu, na kila hatua ikalia. Baba alibaki anatazama ndani ya kapu.

Kuna jambo ambalo wakati ule sikulijua, nikaja kuambiwa na baba mwenyewe. Siku chache kabla alikuwa amekwenda Mbeya kutafuta majembe. Pale stendi alimwona kijana wa rika la Festo amezuiwa na watu kwa sababu ya suruali kama ile, wakisema ni uhuni. Waliichana kwa wembe toka chini hadi kiunoni, na waliosimama kutazama wakapiga makofi. Yule kijana akaondoka ameishika kwa mikono miwili isimdondoke. Baba alirudi na picha hiyo machoni, na hakutuambia neno. Sisi tulichokiona ni hasira tu.

Mchana ule Festo alikwenda mferejini kuoga. Suruali ilikuwa kwenye kamba ya nguo. Baba akatoka ndani na mundu wa kuvunia mpunga, akaishusha, akachana mguu wa kwanza, akachana na wa pili. Kile kitenge akakichomoa kabisa. Kipande kimoja kilimwangukia mguuni, kingine akakitupa kwenye moto niliokuwa napikia. Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikaendelea kukoroga.

Festo akarudi, maji bado yanamtiririka shingoni. Akasimama akaitazama suruali pale chini. Nilidhani atapiga kelele.

"Baba," akasema, "ungeniambia niivue, ningeivua."

Baba akageuka. Aliingia ndani, akarudisha mundu mahali pake.

Asubuhi yake Festo hakuwepo. Dereva wa lori la mpunga alituletea habari baadaye kwamba kijana wetu yuko Makongolosi, Chunya huko, amejiunga na wachimbaji wa dhahabu, na ni mzima. Baba akashukuru kwa habari. Aliuliza kama amepata pa kulala. Hakuuliza zaidi.

Mavuno yakaisha. Jioni moja baba akaniita, akaniuliza vile vipande vya suruali viko wapi. Nilikuwa nimevihifadhi kapuni nikifikiri vitafaa kwa viraka. Nikamletea. Akasema, "Nitilie uzi kwenye sindano. Macho yangu hayalioni tundu."

"Baba, niachie mimi nishone. Itakuwa kazi ndogo."

"Hapana," akasema. "Niliyechana ni mimi."

Mwanangu, baba yangu hakuwa amewahi kushona nguo maishani mwake. Alichojua ni kufunga magunia ya mpunga kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na ndivyo alivyoshona: mishono mirefu, mikubwa, inayopanda na kushuka. Akimaliza mstari anaunyoosha juu ya goti, anautazama, anatikisa kichwa, anafumua. Kazi yangu ilikuwa kutia uzi na kukaa kimya. Kipande kilichoungua hakikuwa na mbadala, kwa hiyo alichukua koti lake la kanisani akatoa bitana ya ndani, nyeusi, akaipachika kwenye mguu wa kushoto.

Halafu vizibo. Vya Festo vilikuwa vimetawanyika na vingine vimepotea. Kulikuwa na baa moja karibu na mashine ya kukoboa mpunga, na baba alianza kupita pale asubuhi kabla hawajafagia, anainama, anaokota. Haikuchukua muda watu wakaanza kusema mzee wa kanisa siku hizi anaonekana baa. Mwinjilisti alikuja nyumbani kumuuliza kwa upole. Baba alimkaribisha kiti na uji, akamwambia, "Sijanywa, mwinjilisti. Naokota vizibo." Yule bwana alinitazama mimi, akaona bora anywe uji wake aondoke. Sidhani kama alisadiki. Baba hakujali, na wewe ungemjua baba yangu ungeelewa ni jambo kubwa kiasi gani kwake kutojali watu wanasema nini.

Suruali ikaisha, ikakunjwa, ikawekwa chini ya mto wake. Ikakaa hapo.

Festo alirudi Krismasi, misimu miwili ilikuwa imepita. Alikuja na rafiki yake wa machimboni. Alikuwa amenenepa mabega, amevaa suruali mpya ya fundi na shati la kubana, na amebeba redio. Alimwinamia baba, akamwamkia, "Kamwene, baba," na baba akamwitikia. Tulikula vizuri. Tulichinja jogoo. Nilianza kuamini yamekwisha.

Baada ya kula baba akaingia ndani, akatoka na ile suruali imekunjwa, akamwekea Festo magotini bila maelezo. Festo akaikunjua. Akautazama mguu huu, akautazama ule, kisha akaanza kucheka. Hakucheka kwa ubaya, nikuambie ukweli. Alicheka kama mtu anayekutana na kitu cha utotoni mwake.

"Dada, hii umeshona wewe? Na yule mama mchungaji alikufundisha kweli? Ona hii. Mguu mmoja maua, mguu mmoja msiba."

Rafiki yake naye akacheka mpaka akajishika mbavu. Festo akaendelea, "Hizi zilishapitwa na wakati, dada. Mjini ukivaa hivi watakuona mshamba."

Baba naye akacheka kidogo. Akanyoosha mkono, akaichukua, akaikunja tena vilevile. "Basi," akasema, "nilidhani labda ingekufaa kwa shamba."

Nikafumbua mdomo. Lile neno lilikuwa limeshafika hapa kwenye ulimi. Baba akanitazama, akasema kwa utaratibu wake, "Mama, mletee mgeni maji ya kunawa."

Nikaenda kuleta maji. Niliporudi mazungumzo yalikuwa yamehamia kwenye redio.

Walipoondoka nilimuuliza baba kwa nini alinizuia. Alikuwa anaziba tundu la gunia. Akasema, "Ukimwambia ni mimi, ataniomba radhi kwa kuwa ni baba yake. Atasema ni nzuri. Mimi sikutaka aniambie ni nzuri. Nilitaka aipende."

Baada ya hapo alipita kijana mmoja wa Kisukuma, mtoto wa wafugaji waliokuwa wamehamia bondeni kwetu na ng'ombe wao wengi kutoka kaskazini. Alikuja kuomba maji akaiona suruali juu ya kamba, maana baba alikuwa ameitoa ipigwe jua. Aliizunguka, akagusa vizibo, akauliza kama inauzwa. Baba akampa. Yule kijana aliivaa palepale, akawafuata ng'ombe wake, na baba akasimama kwenye tuta la majaruba ya mpunga mpaka tukawa hatumsikii tena.

Miaka michache baadaye baba alifariki kwa homa. Festo wakati huo alikuwa ameshaacha machimbo, ana kazi Iyunga, pale Mbeya mjini, na mke. Alikuja kuzika. Watu walipotawanyika tukabaki wawili, tumekaa kwenye mkeka uani. Akaniambia, "Unajua, dada, kilichoniuma ni kimoja. Baba hakuwahi kujutia ile suruali. Aliichana, basi. Hata neno moja."

Ndipo nikasema. Nilimweleza yote: sindano na uzi, koti, baa, mwinjilisti na uji wake. Aliponiuliza kama nina hakika, nilimwambia uzi nilitia mimi. Akauliza, "Wakati nacheka, alinitazama?"

"Alikutazama."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Nikamwambia, "Baba alinituma maji." Hayo ndiyo yalikuwa majibu yangu, mwanangu. Ni kweli alinituma maji. Lakini kutoka siku ile ya Krismasi mpaka siku tunamzika baba, ilikuwa miaka, na barua hupelekwa, na mabasi ya Mbeya yalikuwepo. Festo hakunikaripia. Aliinuka akaenda kuwatafuta wale wafugaji, akidhani labda ile suruali bado ipo, hata kama ni matambara. Alikuta zizi tupu na majivu. Walikuwa wameshahama na mifugo yao, na hakuna aliyejua wameelekea wapi. Alirudi jua limezama, miguu imejaa tope, akanawa, akalala bila kula.

Maisha yaliendelea. Festo alilea watoto wake vizuri pale Iyunga, lakini sikumwona tena akikata kitambaa wala kushika sindano. Niliwahi kumpa mashine yangu ya kushonea, nikamwambia ajaribu kwa ajili ya wanawe. Akasema kichwani haoni kitu tena. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapokuwa peke yangu. Watu wawili niliowapenda, mmoja alikuwa na kipaji, mwingine alijifunza kwa shida ili akirudishe, na hawakupata kuambiana wakati wote wawili wako hai.

Kwa hiyo nakuona wewe na wenzako mnavyochana jaketi zenu, mnavyobandika pini na minyororo, mnavyochora migongoni kwa rangi. Sikukatazi. Nilishaona mtu akishona suruali kutoka kichwani mwake, na najua hilo si jambo la kihuni. Mzazi wako akikasirika, muulize ameona nini huko alikotoka kabla hujafunga mzigo wako, maana hasira ya mzazi mara nyingi ni woga ambao hajui kuusema. Naye mzee akikuletea kitu kibovu, kimepinda, hakifanani na chako, usicheke kwanza. Uliza nani kakitengeneza. Uliza kwa kumtazama usoni yule anayekupa.

Na wewe unayekaa katikati ya wawili wasiosemezana, unayejua kile ambacho kila mmoja anamficha mwenzake, hata kama umetumwa maji, yalete, uyaweke chini, halafu useme. Watakukasirikia siku moja au mbili. Vumilia hizo.

Mungu akubariki, mwanangu, wewe na mikono yako. Akupe kuona mambo kichwani na usikose wa kukusaidia kuyatengeneza. Awaweke karibu wewe na walio wako, na kila mlichonacho moyoni mkiseme mngali mnasikiana.