Kabila la Kuvu

Miaka ile ya vita vya kikabila vya Ituri, kahawa nayo ilikuwa inakufa. Kuvu huingia shinani, ikaziba njia za maji, na mti ukakauka umesimama, matunda yangali matawini. Mimi na mwenzangu wa maabara hapa Bunia tulikuwa tukikata vipande vya miti iliyokufa, kila shamba na bahasha yake, ili chembe za urithi za kuvu hiyo zipimwe ng'ambo. Tulitaka kujua kama kuvu ya Aveba na ya Marabo ni ya ukoo mmoja. Ikiwa ni moja, mche mmoja unaoihimili ungewafaa wakulima wote.

Jambo hilo utamwelezaje mkulima? Kifaransa chetu cha shule hakikumsaidia mtu. Mwenzangu, mcheshi kupindukia, alipata neno.

"Mama, siye tunatafuta kabila ya ile bugonjwa."

Wakulima walicheka, wakatukatia matawi wenyewe. Nami nilicheka, mjinga mimi.

Siku tuliyotoka Marabo kwa gari, vijana wenye bunduki walitusimamisha kizuizini, wakafungua sanduku letu. Wakaona bahasha zenye majina ya vijiji.

"Hii ni nini?"

Mwenzangu akajibu kwa mazoea, kabla sijafungua mdomo: "Chef, siye tunatafuta kabila. Tunazitenganisha, tunaona gani iko naua."

Hakuna aliyecheka.

"Na weye, iko kabila gani?" mmoja wao akamuuliza mwenzangu.

Nilieleza kahawa, nilieleza kuvu, nikawavunjia vijiti waone weusi wa ndani. Sanduku wakalimwaga mtaroni. Yeye wakamshusha. Mimi wakaniambia niende, kwangu hawakuwa na neno. Hasira hiyo sijaimeza hadi leo: sisi tulihitaji miezi na mashine kuijua kuvu, wao walitutazama nyuso mara moja wakamaliza.

Hakurudi. Mkewe alikuwa akija maabara asubuhi, anakaa kwenye benchi la mlangoni.

Majibu ya bahasha tulizotangulia kuzituma yalipotoka, kuvu yote ilikuwa ya ukoo mmoja. Profesa wa ng'ambo alinipigia simu kwa furaha. Ila bahasha za Marabo hazikutosha, akasema. Je, mwenzangu angeweza kurudi kule akate nyingine? Nikamwambia kwamba mwenzangu aliuawa kwa ajili ya bahasha hizo.

Akasema pole sana. Kisha, kwa upole kabisa, akauliza kama nina mtu mwingine.