Fundi Haloo Hana Tarehe

Siku hizi simu ya mke wa Fundi Haloo hukaa kimya mpaka jioni. Zamani ililia mara nane, mara kumi kwa siku, na maneno yalikuwa yaleyale: "Haloo. Unanisikia?" Mke akisema anamsikia, mume anakata. Akisema sauti inakwaruza, mume anakata vilevile na kuifungua upya simu ya mteja.

"Umeoa mke au umeoa mashine ya kupimia?" alimuuliza siku moja, povu la sabuni limemfika viwikoni.

"Mashine isingenijibu kwa ukali hivyo," alisema, akakata.

Nyuma ya kituo cha mabasi kulikuwa na safu ya meza kumi na moja za mafundi simu, na wote walipima kazi yao kwa namna moja. Ukishamaliza kutengeneza, unachomoa laini yako mwenyewe, unaichomeka kwenye simu ya mteja, unapiga nyumbani. Hakuna aliyeona ubaya. Vocha ya mteja ni ya mteja. Fundi mwenye heshima haili.

Kisha bomu likalipuka sokoni, wakafa watu kumi na saba. Simu iliyokutwa kwa mmoja wa washukiwa ilionekana kuwahi kubeba laini ya Fundi Haloo kwa dakika moja na nusu. Polisi walipochunguza zaidi wakakuta laini hiyo imepita kwenye simu mia tatu na kumi na mbili. Wakaja askari wanne, asubuhi, fundi hajamaliza hata kupanga bisibisi zake, wakamchukua. Mkewe walimuuliza swali moja tu: mtu mwema anataka simu mia tatu za nini?

Aliwajibu. Walimsikiliza kama watu wanavyomsikiliza mtoto.

Wiki hiyohiyo meza kumi zilizobaki zikaacha mtindo ule. Mke alipita meza moja baada ya nyingine akiomba mtu mmoja tu aandike kwamba ndivyo walivyofanya wote. Kila aliyemkaribia alikumbuka ghafla kitu cha kupuliza vumbi.

"Mimi, dada? Mimi sijawahi."

"Ulimpigia mkeo mbele ya macho yangu."

"Labda nilikuwa namsalimia."

Amri ya kumzuia hufanywa upya kila siku tisini. Kila ikifanywa upya, mke hupanga foleni kwenye dirisha namba nne la ofisi ya usalama, kuuliza swali lilelile.

"Kesi yake itasikilizwa lini?"

"Hana kesi, mama."

"Kama hana kesi, mnamshikia nini?"

"Uchunguzi unaendelea."

"Wakili anasema hawezi kumtetea mtu asiye na shtaka."

"Hapo wakili wako amesema kweli," alisema karani, akatazama nyuma ya bega la mke. "Anayefuata."

Nyumbani mama mkwe alikuwa akimngoja mlangoni. Bibi huyo hakuwahi kusema mwanawe hana kosa. Alisema, "Kama kaua, wamfunge, nijue nalia kilio gani. Kama hakuua, wanirudishie." Kisha akarudi kukunja mashati ya mwanawe, yaliyokwisha kukunjwa.

Mwaka wa pili ulikuwa umepita Koleo alipobisha hodi. Meza yake ilipakana na ya Fundi Haloo, na jina hilo alipewa kwa sababu akishika ugomvi haachii.

"Shemeji, nimekuja."

"Vumbi limekwisha?"

Alilimeza hilo, akakaa. "Unajua mdogo wangu alikuwa sokoni siku ile."

"Najua. Nilikuja msibani."

"Mwanzoni niliogopa. Halafu nikasema huenda ni kweli. Nikataka iwe kweli, shemeji, nipate mtu wa kumchukia." Alikuwa akitazama viganja vyake. "Lakini nangoja tu. Hakuna aliyesimama mbele ya hakimu akaambiwa ni wewe, au si wewe. Kesi hii naidai kuliko unavyoidai wewe."

Wakaandika kurasa mbili, Koleo akatia sahihi, na Jumatatu wakaenda pamoja dirishani. Karani alimwita afisa kutoka ndani. Afisa alisoma taratibu, mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hata wewe ulikuwa ukifanya hivi."

"Wote, afande."

"Laini yako imepita kwenye simu ngapi?"

Koleo si mtu wa kudanganya vizuri. "Mia nne. Labda mia tano."

"Umemzidi."

"Nina mikono myepesi."

Hakuna aliyecheka. Afisa alichukua kitambulisho cha Koleo, akakitoa nakala, akaandika namba yake ya simu katika daftari jingine. Kisha akasema maelezo hayo ni mazuri, yatasaidia sana mahakamani.

"Mahakama ipi?" mke akauliza.

"Itakayosikiliza kesi."

"Mmeniambia hana kesi."

"Ikiwepo," alisema afisa kwa upole.

"Basi mshtakini. Mshtakini leo. Nawaomba mumshtaki mume wangu."

Foleni ilirudi nyuma hatua moja. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake karibu.

"Mama," afisa akasema, "hilo haliombwi dirishani."

"Linaombwa wapi?"

Afisa alitazama saa. Karatasi mbili za Koleo zilibanwa kwenye faili, faili likarudi ndani, na wao wawili wakatoka nje. Koleo alimwomba wapite njia ya nyuma, wasionekane kituoni wakiwa pamoja, na mke, ambaye siku nyingine angemrushia maneno, alikubali.

Amri ilifanywa upya Alhamisi iliyofuata, kwa mara ya tisa. Fundi Haloo yuko kizuizini, katika kambi nje ya mji, banda la tatu, pamoja na wanaume wengine ishirini na sita. Hajashtakiwa.