Mafuta ku Diski ya Lukusa

Kama kinga yako, ile baiskeli, iko na freni ya diski na inalia, usiweke mafuta. Nasema mara moya tu. Mafuta ni ya sheni, ule munyororo. Diski inakamata juu iko kavu: plaketi mbili, vile vipande vya freni, inaifinya, njo kinga inasimama. Ukipakala mafuta, plaketi inaikunywa, kiisha inateleza sawa kidole ku sabuni. Na kelele haiishe, inazidi.

Ile njo Ntambwe, fundi wa kinga, anasemeaka bantu ku komini ya Dilala, na hasemake na adabu. Eko na mahali yake nyuma ya nyumba ya zamani ya kompanyi ya madini, pale taksi-moto, pikipiki ya abiria, inasimamaka. Baba yake alitoka Kasai, alifanya kazi ku mine, kuchimba madini, paka alizeeka. Ye hakutaka mine. Alianza na kinga ya bauzaji wa mukate, kiisha kinga ya Bachina yenye diski ikaingia, na bantu ya kubeba makala, makaa ya kupikia, kutoka Nzilo bakaipenda, juu mu matope ya mvua freni ya mupira inakufaka. Hakuna muntu alikuwa anayua kuitengeneza. Ntambwe alifungua moya, akaiharibisha, akafungua ingine. Ni vile tu alijifunza.

Ukimuletea kinga, anaigeuza kichwa chini, anazungusha gurudumu, anainamisha sikio. Akikuta mafuta ku diski, parking yote itasikia.

«Wewe, unakaanga samaki apa? Sema, nilete chumvi!»

Hata pasta moya alipata yake. Bantu banachekaka, na mwenye kinga anarudi nyumbani na haya. Mi naona ni vizuri. Afazali haya kuliko kuvunjika shingo.

Siku mama Kapinga alikuya, hakumutukana.

Mama Kapinga ni mujane. Mutoto yake mukubwa, Lukusa, alikuwa anabeba makala. Alinunua kinga mupya yenye diski. Kesho yake tu alienda nayo Nzilo, akapakia mifuko, akaanza kushuka ule mulima ya Nzilo. Freni haikukamata. Chini kulikuwa lori ya madini imesimama. Alifia palepale.

Kinga yenyewe ilikunjika kidogo tu mbele. Ile njo iliwapa bantu mashaka. Baliirudisha, bakaiegemesha mu chumba ya mbele, na tangu ile siku ukiigusa diski inalia. Haiko kelele ya chuma. Inaanza chini, inapanda, inakatika katikati, sawa muntu anaita na mwingine anamuziba kinywa. Majirani balisema: uyu ni Lukusa. Batoto ya jirani habapite tena mbele ya ile mulango.

Lakini ku nyumba kulikuwa njala, na mutoto wa pili, Beya, alisema yeye ataenda Nzilo na ile kinga. Lundi, jumatatu. Hakutaka kusikia muntu.

Njo vile mama alifika ku parking jumamosi, Beya anasukuma nyuma yake. Kinga ililia njia yote. Ba taksi-moto baligeuka kuangalia.

«Tata Ntambwe, mutoto anashuka Nzilo lundi. Niangalilie freni. Mi sina mwingine.»

Ntambwe aliigeuza, akazungusha gurudumu. Ile sauti ikapanda. Ye mwenyewe alinielezea: nyoya ya mukono ilisimama, juu Lukusa alikuwa anamuitaka vile akipita, kwa mbali, «Tata Ntambweee!» Ilikuwa ileile. Aliachilia gurudumu sawa imemuunguza.

Kiisha alitoa plaketi. Ilikuwa nyeusi, inang'aa. Aliinusa. Mafuta ya zeituni.

Alifungua kinywa. Mama akamutangulia.

«Ile mafuta ni yangu. Ya baraka, pasta aliiombea. Siku Lukusa alileta kinga tulisali, nikapakala usukani, nikapakala kiti. Na ile chuma inazunguka nikaipakala sana, juu aliniambia ile njo inamushikaka mu mulima.» Alitoa kachupa mu fundo ya kikwembe yenye alivaa. «Tangu alikufa inalia. Basi kila siku ya Mungu nikitoka kanisa naongeza. Kwa ajili ya Beya.»

Dady, wa taksi-moto, alicheka.

«Ntambwe! Na yeye anakaanga samaki, ao? Mbona leo umenyamaza?»

«Dady, funga kinywa ama nitakufungia na koleo.»

Dady hakuelewa, lakini alifunga.

Ntambwe alifanya kazi na kichwa chini. Alitupa plaketi, hakuna kuiokoa, mafuta ikishaingia imeingia. Alimwanga lutuku, ile pombe kali, ku kitambaa kisafi, akapangusha diski pande mbili, akabadilisha kitambaa, akapangusha tena. Diski ilikuwa imekunjika kiasi. Aliinyoosha polepole na ufunguo ya nati, huku anazungusha, anaangalia nafasi. Akaweka plaketi mupya. Akamwambia Beya apande, akimbize, afinye, akimbize, afinye, paka ikamate. Kazi haikuwa ngumu. Ngumu ni siku ya Mungu, mama akitoka kanisa na kachupa.

«Mama,» alisema, «kuanza leo diski usiipakale tena. Pakala usukani, pakala kiti, hata kichwa ya Beya. Diski, apana.»

«Juu ya nini?»

«Ii plaketi mupya inatakaka kukauka.»

«Na ile ya zamani?»

Ntambwe alitafuta bongo, uongo wa kumutuliza. Alipata moya mubaya.

«Ya zamani… ile siku ni kable ilikatika.»

Mama Kapinga aliinama. Alishika ile waya ya freni na kidole, kutoka ku diski, akaifuata yuu paka ku usukani. Ilikuwa nzima, yenye kutu kidogo. Hakuna muntu aliibadilisha.

«Kable iko apa, tata.»

Parking yote ilikuwa inasikiliza. Hata Dady alizima moto yake.

«Ndio, mama.»

«Basi ni mafuta.»

Ntambwe alisema kwa sauti ndogo, ile hajawahi kuitumia pale: «Ni mafuta, mama.»

Mama hakuanguka, hakupiga kelele. Alikaa chini ku mupira ya lori, pale baclients banakaaka. Aliangalia kachupa. Kiisha alimuita Beya, aliyekuwa anajifanya anafunga kamba.

«Kuya apa. Tata Ntambwe, sema tena, uyu asikie.»

«Mama, inatosha,» Ntambwe alisema.

«Sema.»

Ntambwe alisema tena, yote, plaketi na mafuta na mulima. Beya aliangalia viatu vyake.

«Umesikia?» mama alimuuliza. «Mi ni muzee, na siku ingine woga itanipata nitasahau. Ukiniona karibu ya ile diski na chupa, unishike mukono. Hata mbele ya pasta. Umesikia?»

«Nimesikia, mama.»

«Panda sasa, tuone.»

Beya alizunguka parking, akakuya mbio, akafinya. Kinga ilisimama palepale, kimya. Bantu bote balikuwa bamekaza mabega kungojea ile sauti. Haikukuya. Mama Kapinga peke yake alibaki ameinamisha kichwa.

«Tata Ntambwe,» aliuliza, «basi sasa Lukusa eko wapi?»

Ntambwe alipangusha mikono ku suruali. Akachukua kinga ya mwingine, akaigeuza kichwa chini.

Lundi Beya alienda Nzilo. Alishuka na makala yake, freni ikakamata, akarudia muzima. Mama yake alikuwa anamungojea ku barabara. Beya alisimama mbele yake bila kelele. Banasema mama hakumusalimia kwanza. Alikuwa anaangalia nyuma ya Beya, ku ile vumbi, wakati murefu, sawa vile anangojea mwingine.