Chupa za Dawa za Susu Kathini

Susu Kathini, mama wa baba yangu, hulima nyanya huku Mbooni, kwenye matuta yaliyo juu ya chemchemi ambako kijiji chetu chote huteka maji. Nyanya hunyunyiziwa dawa kila wiki, na ikiisha watu hutupa chupa mtaroni. Mwaka jana, mvua ya kwanza iliponyesha, mbuzi wake wawili walikunywa maji ya mtaro. Jioni walikuwa wamelala wamekufa, matumbo yamevimba.

Tangu siku hiyo Susu huokota kila chupa, yake na ya jirani. Huzisuuza na kuzifungia kwenye kibanda kilichokuwa cha kuku. Kufikia Oktoba zilikuwa mia moja na sita, na kibanda chenyewe kimeoza ubavu.

"Mvua ya Novemba ikizikuta hapa," alisema, "zitateremka mpaka kwa chemchemi. Hazingoji kuitwa."

Kwa hivyo alipokuja mtu aliyejiita Kivuva na pikapu, mimi nilifurahi. Alikuwa amevaa koti la kung'aa kama la watu wa barabara. Alisema ametumwa na kampuni ya dawa, kwamba siku hizi sheria inataka mwenye kutengeneza kitu aje achukue takataka yake. Hiyo ni kweli, hata mwalimu wetu wa kilimo ametufundisha. Niko kidato cha tatu, najua.

Susu alimwangalia viatu kwanza.

"Unazitaka zikiwa namna gani?"

"Nzima tu, mama. Zenye vifuniko. Na karatasi ya jina isiwe imechanika."

"Takataka inataka kifuniko cha nini?"

"Ni utaratibu wa kampuni, mama."

"Haya. Rudi kesho."

Akaenda. Susu akaniambia nimletee msumari mrefu na koleo. Mimi sikuelewa, nikauliza, na yeye akaendelea kuchochea moto. Ndipo akanikumbusha ile dawa tuliyonunua Machi. Chupa ilikuwa safi, jina la kampuni ni lile lile, lakini ndani ilinuka kama maji ya chokaa, na nyanya zote zikaungua kwa ukungu.

"Ile chupa iliwahi kuwa ya mtu," alisema. "Labda ilikuwa yangu."

Tulitoboa zote mia moja na sita, matundu matatu kila kitako. Kesho yake Kivuva aliinua moja, akaitazama kwenye jua, akaiweka chini polepole.

"Mama, umeharibu."

"Nimeharibu takataka?"

Kivuva aliwasha pikapu na kuondoka bila hata moja, akapiga kona kwa jirani. Susu alimfuata kwa miguu, akiwaambia majirani nao watoboe, na wao walimcheka kwamba ameanza kuona wezi hata kwa jalala. Lakini wawili walitoboa zilizobaki kwao.

Sasa chupa zilibaki kwetu, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa mlimani. Jumamosi tulizipakia kwa boda, magunia matatu, mpaka duka la Mwangangi anayetuuzia dawa. Susu aliyaweka juu ya kaunta.

"Mwaitu, mama yangu, mimi huuza tu," Mwangangi alisema. "Sikusanyi."

"Uliniuzia dawa au chupa? Dawa nimemaliza. Chupa ni ya kampuni. Namba yao iko hapa kwa karatasi, wapigie."

"Hiyo sheria bado haijafika Mbooni."

"Dawa ilifikaje?"

Mteja mmoja alicheka. Mwangangi akapiga simu, akaongea na mwanamke wa kampuni, akatuambia wana kizimba cha kukusanyia mjini na lori linaloleta mzigo leo linaweza kuzibeba.

"Muulize," Susu akasema, "zitobolewe au zisitobolewe?"

Mwangangi aliuliza. Sauti ya mwanamke ilisikika mpaka kwetu: ni lazima zitobolewe, zisije zikajazwa tena.

Nilidhani Susu angetabasamu. Alishusha gunia moja chini, akalikalia kungoja lori.

Lori lilifika saa nane. Dereva alirusha magunia nyuma, na Susu akawa anazunguka lori, akitazama kama nyuma inafungwa vizuri.

"Kwani mama, unafikiri nitaziiba?"

"Hapana. Nafikiri utazitupa pale kwa daraja."

"Mama, jamani."

"Kiti cha mbele kina mtu?"

Hakikuwa na mtu. Susu akashika leso yake, akapanda, akafunga mlango mwenyewe. Mimi na Mwangangi tulibaki tumesimama kwenye vumbi.

Alirudi na boda giza likiingia, magoti yakimuuma. Mama yangu alimpa chai na sisi wote tukamzunguka.

"Kizimba kipo," alisema. "Nimeona wakizitia ndani. Kina kufuli kubwa."

Akapuliza chai.

"Lakini sijajua ufunguo hukaa na nani."