Fundo la Pili

Watu wakisikia kwamba najitolea kutafuta waliopotea Mlima Meru, hudhani nina moyo wa huruma. Wananilegezea macho, wananiita mama wa watu. Jamani, sina huruma hiyo. Niliingia kwenye kikosi kwa sababu nilikuwa mpagazi kwa miaka kumi na miwili, mlima naujua, na nilichoka kuona wanaume wasioujua wakipigiwa simu wao huku mimi nikisoma habari kesho yake. Sababu ni hiyo na sitaipaka rangi leo.

Siku hizi nakula kwa cherehani. Nina kibanda Ngarenaro, kati ya mchomelea vyuma na muuza vipuri vya pikipiki, na kelele zao zimenizoesha kuongea kwa sauti hata kanisani. Kikosini hatufiki watu kumi na watano na hakuna anayelipwa. Kiongozi wetu ni mzee wa Kisingasinga mwenye gereji mtaa wa pili kutoka kwangu. Babu yake alizaliwa hapa hapa mjini, na ukimuuliza kwao wapi anakuonyesha mlango wa gereji. Magoti yamemkatalia kupanda, kwa hiyo yeye hukaa na gari mwisho wa barabara, na redio na daftari, na kila tunachomwambia anakiandika.

Mlima ukiuangalia kutoka mjini unauona umetulia tu. Ingia msituni upande wa magharibi ndipo utajua. Ni makorongo, moja baada ya jingine, na yote yanafanana. Bila alama utaingia korongo moja mara tatu na la jirani yake usilikanyage. Ndiyo maana kila mmoja wetu ana kitambaa chake. Mimi ndiye ninayevikata kutoka mabaki ya kibandani, kila mtu na rangi yake. Ukifika mdomoni mwa korongo unafunga kipande kimoja mtini, maana yake nimeingia. Ukishafika mwisho kabisa, ukuta wa mwamba ukakuzuia, unarudi na kufunga cha pili juu ya kile cha kwanza. Maana yake nimemaliza, mtu hayumo. Unamwambia mzee redioni, anaandika, na korongo hilo haliingiwi tena. Kitambaa cha mwenzako hukigusi wala hukibishii. Changu ni kitenge cha njano chenye madoa meusi, kilichobaki nilipowashonea wanakwaya sare.

Sasa niseme habari ya mtu niliyemchukia. Bado namchukia, tusidanganyane. Yumo kikosini mwetu, anakaa Lemara, anaongoza wageni mlimani, ana buti alizoachiwa na mzungu na miwani ya jua ambayo haivui hata mvua ikinyesha. Mwaka mmoja kabla ya haya nilimpata mwanafunzi aliyepotea siku mbili. Nilimpata mimi, nikamvua nguo mbichi mimi, nikamvisha sweta langu. Tulipofika chini kulikuwa na mtu wa redio na kinasa sauti chake. Yule wa Lemara akasimama mbele, akaeleza jinsi "tulivyopambana". Mimi nikaambiwa nikaangalie kama chai imeiva. Tangu siku hiyo aliniita mama cherehani, na wenzetu wakacheka, na mimi nikawa nampa vidonge vyake kila tulipokutana. Tulifika mahali hata salamu tunapeana kupitia kwa mzee.

Mvua za vuli zilizopita tuliitwa Jumapili, watu wakitoka ibadani. Mzee mmoja, mkulima na mfugaji wa upande ule wa magharibi, alikuwa ameingia msituni Jumamosi asubuhi kumfuata mtamba wake. Jioni mtamba akarudi zizini peke yake. Mzee hakurudi. Tulimkuta mkewe amesimama kwenye ukingo wa shamba la mahindi, kanga mbili mabegani, anauangalia msitu tu. Hakulia. Alituambia mume wake ana umri wa miaka sitini na nane, ana koti la kahawia, na usiku ule kulikuwa na baridi ya kuua. Hatukuhitaji maelezo mengine. Usiku wa pili wenye mvua mtu wa umri huo hauvuki kirahisi.

Kiongozi akatugawa. Makorongo yalikuwa tisa. Yule wa Lemara aanze kaskazini, mimi nianze kusini, tukutane katikati, wengine wapande juu kwenye miinuko. Palikuwa na kazi ya kumtafuta mtu, lakini mimi kichwani mwangu mlikuwa na makorongo tisa na swali moja, nani atafika la tano wa kwanza.

La kwanza nililifanya vizuri, na la pili pia. Nilikuwa nimetoka la tatu, mikono inawasha kwa yale majani yenye miba midogo isiyoonekana, niliposikia redio ikitangaza kwamba yeye ameshaingia lake la nne. La nne! Kisha akaongeza, watu wote wakisikia, "Mama cherehani, ukichoka sema, nije nikumalizie."

Wakacheka. Nilisikia kicheko cha mmoja kikikatwa na redio.

Nikaingia korongo la nne nikikimbia. Nikafunga kitambaa cha kwanza. Korongo lile ni refu, na karibu na mwisho linapinda kushoto, usione ng'ambo ya pale. Maji yalikuwa yanateremka katikati, mawe yanateleza, ukungu umeshuka. Nilifika kwenye kona. Kutoka pale hadi ukutani ni hatua kama mia, naijua mia ile, nimeipita nikiwa na mzigo wa wageni kichwani. Nikaita mara tatu. Nikasikiliza. Nikasikia ko, ko, kisha kimya, kisha ko.

Nikajiambia ni mawe yanasukumwa na maji. Mawe hugonga hivyo korongo likijaa, si uongo. Ila maji ya siku ile hayakuwa na nguvu ya kusukuma jiwe lolote, na hilo nililijua nikiwa nimesimama humo humo, yamenifika kwenye vifundo vya miguu.

Nikageuka. Mdomoni nikafunga fundo la pili, nikalikaza kwa meno, nikabonyeza redio nikasema la nne limekwisha, hayumo. Kiongozi akasema ameandika. Nikakimbilia la tano na nikalifikia wa kwanza. Yule wa Lemara aliponikuta pale akaiangalia saa yake, akaniangalia mimi, akaiangalia tena. Nilifurahi, na furaha ile naikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka.

Jumatatu tulitafuta juu, mbali, kwa kufuata daftari. Mvua ilitupiga kutwa. Wakati wa mchana yule mama alitupandishia ndizi za kuchemsha na maziwa, akaniita pembeni kwa kuwa ni mwanamke mwenzake. Akanyoosha kidole upande wa lile korongo la nne. Akasema mume wake hupenda kupitia kule, kuna maji ya ng'ombe, je, tumepaangalia vizuri?

"Tumeangalia, mama," nikamjibu. "Tuachie kazi yetu."

Nilimjibu hivyo hivyo, kwa sauti ile ile ninayowajibu wateja wanaodai nguo kabla ya siku. Akasema sawa, akakusanya vikombe vyake. Ningeweza kurudi hata muda ule, kulikuwa na saa nne za mwanga. Lakini kurudi kulitaka nimwambie kiongozi afute, redioni, na yule wa Lemara akisikia. Nikapanda juu na wenzangu kutafuta mahali ambapo moyoni nilishajua kwamba mtu hayupo.

Jumanne asubuhi redio ikaita. Alikuwa yule wa Lemara. Hakuna madaha wala utani, sauti imekauka. Akasema amempata, yu hai, mguu umebanwa na mwamba, tulete machela na nondo ya kunyanyulia. Kiongozi akamuuliza yuko wapi.

"La nne kutoka kusini," akasema.

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Kila mtu alijua la nne kutoka kusini lina kitambaa cha nani. Yeye alivunja utaratibu wetu, akaingia kwenye korongo lenye mafundo mawili, kwa sababu alipiga hesabu ya saa yake akaona haiwezekani mtu wa kawaida kulimaliza kwa muda ule. Hakuniamini. Na alikuwa na haki ya kutoniamini, na hilo mpaka leo ndilo linaloniuma.

Tukamtoa. Nilishika pembe moja ya machela na hakuna aliyenizuia. Mzee wa watu alikuwa amefumba macho, midomo imepasuka, na mkononi ameng'ang'ania jiwe la ukubwa wa limau, hataki kuliachia. Tulipita chini ya mti wenye vitambaa vyangu viwili vya njano, vimelowa, vinaning'inia. Yule wa Lemara alikuwa mbele yangu. Akainua uso akaviangalia, akaushusha, akaendelea kutembea.

Pale kwenye gari kiongozi alinipa daftari na kalamu. Alikuwa amelifungua kwenye ukurasa wa Jumapili. Akaniambia nifute mwenyewe. Nikafuta, kalamu ikatoboa karatasi.

Nilisubiri nitukanwe. Wiki nzima nilikaa kibandani na majibu yangu nimeyapanga, kwamba na yeye ana makosa yake, kwamba ukungu ulikuwa mzito, kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yule wa Lemara hakusema neno. Si kwangu, si kwenye kikao, si kwenye kundi letu la simu. Angenitukana ningepata pa kuanzia. Alininyima hata ugomvi, na nikamchukia zaidi kwa hilo.

Hospitali walimkata mzee mguu wa kulia, chini ya goti. Daktari aliwaambia watu wake kwamba angefikishwa Jumapili ile, labda mguu ungepona. Hayo niliyasikia kwa kiongozi wetu, ambaye hakuyapunguza makali.

Baada ya miezi mitatu, saa tano asubuhi, mtu mwenye magongo akasimama mbele ya kibanda changu. Koti lile lile la kahawia. Mfuko wa plastiki umening'inia kwenye gongo. Nilimjua kabla hajainua kofia. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akaingia, akakaa kwenye stuli ya wateja bila kukaribishwa.

Akatoa suruali tatu. Akasema miguu ya suruali inamnasa kwenye magongo, ameshaanguka mara mbili, anataka upande wa kulia ukatwe na kufungwa. Akasema yule bwana wa Lemara aliyempata ndiye aliyemwelekeza kwangu, amesema mimi ni fundi mzuri.

Sikiliza ubaya huo. Kutoka kwao hadi kwangu mafundi wamejaa njia nzima. Yule mtu alijua anachokifanya, na mimi nikajua kwamba amejua, na mteja wangu yuko hapo ananiangalia.

Nikachukua futi nikapiga magoti. Suruali haipimwi kwa macho, lazima ushike mguu. Nikashika pale unapoishia. Namba za futi nilizisoma mara mbili bila kuziandika.

"Mzee," nikasema nikiwa chini, "lile fundo la pili nililifunga mimi. Sikufika mwisho wa korongo."

"Najua," akasema. "Nilikusikia ukiita. Sauti ilikuwa imenikauka. Nikagonga jiwe."

"Nilisikia."

Huko nje mchomelea vyuma alikuwa amewasha mashine. Tukasubiri anyamaze.

"Ulikuwa unawahi wapi?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, kama mtu aliyelala na swali hilo miezi mitatu na sasa anataka kulitua.

"Nilikuwa nashindana na mtu."

Akatikisa kichwa polepole, akafikiri.

"Ukamshinda?"

Nikarudi kwenye cherehani, nikapiga chaki, nikakata. Nilishona mishono miwili miwili, nikaficha nyuzi, nikapiga pasi. Katika kazi zangu zote sijawahi kushona vizuri kama siku ile, na hilo nalo halina maana yoyote.

Juu ya meza vilibaki vipande vitatu, kijivu, buluu na kahawia, kila kimoja kutoka gotini hadi kifundoni. Kikosini bado nipo, ila kitenge changu cha njano nilikuwa nimekitupa. Nikamwomba mzee aniachie vipande vile. Nikamweleza ninavyotaka kuvichana, viwe alama zangu mlimani, ili kila nikifunga nikumbuke. Nilijisikia nasema jambo la maana sana.

"Hapana," akasema. "Hivyo ni vyangu, nitatilia viraka. Wewe vya kwako unavyo."

Nikavikunja, nikavitia kwenye mfuko wake pamoja na suruali. Nilitaka kumshika mkono avuke mtaro. Akasema ataweza mwenyewe.